Haba na Haba Haijazi Misuli ya Jjajja

Wazee wengi wa kwetu Masaka wana sentensi moja wanayoisema wanaposukuma bakuli la mchuzi upande wa watoto: “Wale hao wanaokua. Sisi tulishamaliza kukua.” Ni sentensi ya upendo, na mtoto aliyelelewa na bibi anaijua vizuri kwa sababu imemshibisha mara nyingi. Jjajja wangu, mama mzazi wa baba, huisema karibu kila siku. Katika insha hii nataka kueleza kwa nini sentensi hiyo, pamoja na wema wake wote, inawadhoofisha wazee wetu, na kwa nini si rahisi kwa mjukuu kuipinga.

Mimi nasomea lishe katika chuo kikuu mjini Kampala, na Kiswahili nimekichukua kama somo la ziada tangu mwaka wa kwanza. Lugha yangu ya nyumbani ni Kiganda, kwa hiyo msomaji anisamehe pale nitakapoviita vyakula kwa majina ya kwetu. Jjajja ana miaka 78 na uzito wa kilo 50 hivi. Mwaka jana alipata homa ya mapafu akalazwa hospitalini siku kumi. Homa ilipona, tukamshukuru Mungu. Lakini aliporudi nyumbani hakuweza tena kuinuka mkekani bila kushikwa mkono.

Kwa asiyejua maisha ya Buganda, hilo linaweza kuonekana jambo dogo. Kwetu mwanamke huketi mkekani. Hapo ndipo anapomenya matooke, anapopokea wageni, anaposali na anaposuluhisha ugomvi wa wajukuu. Mwanamke asiyeweza kuinuka mkekani huwekewa kiti pembeni, na taratibu mazungumzo ya nyumba huanza kumpita. Shangazi zangu walisema, “Ni uzee tu.” Majirani wakasema hivyo hivyo. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza somo la umetaboli wa protini, na jibu hilo halikunitosha.

Kosa la sentensi ya wazee wetu liko kwenye neno “kumaliza”. Tunadhani protini ni chakula cha kujengea mwili, na kwamba mwili ukishajengwa, basi fundi amekwenda zake. Mkemia Rudolf Schoenheimer, aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1933 na kufanya kazi Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, alionyesha kuwa sivyo. Alitumia naitrojeni nzito kama alama, akaifuatilia ndani ya miili ya wanyama, akagundua kwamba protini za mwili hubomolewa na kujengwa upya bila kukoma, hata kwa mnyama mzima ambaye haongezeki uzito. Kwa hiyo mwili haufanani na nyumba ya matofali iliyokwisha kujengwa. Unafanana zaidi na nyumba ya udongo ambayo kila msimu lazima ikandikwe upya, kwa sababu kila mvua inabanduka kidogo.

Misuli nayo ndivyo ilivyo. Tukiwa na njaa, kwa mfano usiku tukiwa tumelala, ubomoaji hushinda ujenzi. Tukila protini, tumbo na utumbo huivunja kuwa asidi amino, damu huzipeleka kwenye misuli, na ujenzi hushinda ubomoaji kwa saa kadhaa. Mojawapo ya asidi hizo, iitwayo lusini, hufanya kazi mbili: ni tofali, na pia ni kengele inayowaambia mafundi waanze kazi. Kijana na mzee wote wana mafundi hao. Tofauti ni kwamba kwa mzee, kengele ikilia kwa sauti ndogo, mafundi hawaamki.

Wataalamu huita hali hiyo usugu wa misuli, na hapo ndipo hesabu inapogeuka kinyume cha tulivyozoea kufikiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliolinganisha wanaume vijana na wazee, ulikadiria kwamba kijana anahitaji kama gramu 0.24 za protini bora kwa kila kilo ya uzito wake katika mlo mmoja ili ujenzi wa misuli ufike kileleni. Mzee alihitaji kama gramu 0.40. Mimi na Jjajja tuna uzito unaokaribiana. Kwa makadirio hayo, mimi natosheka na gramu 12 katika mlo, lakini yeye anahitaji 20. Yaani katika nyumba yetu, aliyemaliza kukua ndiye anayehitaji bakuli kubwa zaidi ya binti wa chuo kikuu.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo naipenda, na kwa mtu anayeweka akiba ya fedha ni kweli tupu. Kwenye sahani ya mzee si kweli sana. Protini kidogo asubuhi, kidogo mchana na kidogo usiku zinaweza kupita zote bila hata moja kuvuka kizingiti cha kuamsha misuli.

Nilichukua daftari nikakadiria anachokula Jjajja kwa siku. Asubuhi ni chai ya rangi na muhogo, kama gramu 2 za protini. Mchana ni matooke ya kutosha na mchuzi wa karanga: matooke yana takriban gramu 1 tu katika kila gramu 100, na karanga za kwenye mchuzi wake zilimpa kama 8, kwa hiyo jumla ilikuwa 12 hivi. Usiku ni chakula kile kile kwa kiasi kidogo zaidi, labda gramu 9. Siku nzima hazikufika 25. Mwaka 2013 kundi la wataalamu liitwalo PROT-AGE lilipendekeza kwamba mtu aliyepita miaka 65 apate angalau gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo kwa siku, na zaidi ya hapo akiwa anaugua. Kwa Jjajja hiyo ni gramu 50 hadi 60. Alikuwa anashiba kila siku, huku misuli yake ikiwa na njaa.

Kisha zikaja zile siku kumi za kitandani. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 ambapo wazee wenye afya njema, wenye umri wa wastani wa miaka 67, walilazwa kitandani siku kumi huku wakila kiasi cha kawaida cha protini kinachopendekezwa kwa watu wazima. Kwa siku hizo kumi tu, miguu yao ilipoteza karibu kilo moja ya nyama. Hao hawakuwa wagonjwa. Nilipousoma nilihesabu siku za Jjajja wodini, nikaelewa kilichomfuata nyumbani. Hali hii ya misuli kupungua uzeeni ilipewa jina na Irwin Rosenberg mwaka 1989: sakopenia, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, nyama na upungufu. Mimi kwenye daftari langu la Kiswahili niliandika “umaskini wa nyama”, na sijaona tafsiri inayonifaa zaidi.

Sasa likaja jambo gumu, nalo halimo kwenye vitabu vya biokemia. Kwa mila za Buganda za zamani, mwanamke hakula kuku wala mayai. Hata nsenene, wale panzi ambao Masaka inajulikana kwao, wanawake waliwakamata na kuwaandaa, lakini walaji walikuwa wanaume. Siku hizi mila hiyo imelegea sana na wanawake wengi hula wanachotaka. Lakini Jjajja alilelewa na mama aliyeifuata mila hiyo. Firigisi ni ya mwenye nyumba, paja ni la mgeni, yai ni la mtoto. Alijifunza tangu utotoni kwamba heshima yake imo katika kile asichokila.

Nilipiga magoti nikamsalimu kama inavyopasa, kisha nikamwomba aanze kula yai moja kila asubuhi.

“Mjukuu wangu,” akaniambia, “miaka 78 sijala yai. Unataka nianze leo ili nife na aibu?”

“Hapana, Jjajja. Nataka uinuke mkekani.”

Akanyamaza. Halafu akauliza, “Na hakuna njia nyingine isipokuwa yai?”

Swali hilo lilinifundisha kuliko mihadhara mingi. Kazi ya mtu wa lishe si kushinda mila. Ni kutafuta mlango uliobaki wazi. Nilifikiria maharage, lakini maharage yaliyopikwa yana kama gramu 9 katika gramu 100, na ili kufika 20 angepaswa kula bakuli zima, wakati meno yake ni machache na hamu yake ya kula ni ndogo. Mlango uliokuwa wazi ni mukene, wale samaki wadogo ambao Watanzania huwaita dagaa. Wakikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Bei yao ni nafuu, hawakatazwi na mila ya nyumba yetu, na wakisagwa hawahitaji meno. Vijiko viwili vya unga wa mukene ndani ya mchuzi wa karanga viliipandisha sahani ya mchana kutoka gramu 12 hadi zaidi ya 20. Asubuhi tukabadilisha chai ya rangi kwa kikombe kizima cha maziwa, ambacho kina kama gramu 8. Jioni maharage kidogo na mukene wake tena.

Lakini chakula peke yake kisingetosha. Daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha mwaka 1990 utafiti kuhusu wazee kumi wa miaka 90 hivi waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Baada ya mazoezi ya kunyanyua vizito kwa miguu kwa wiki nane, nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mwaka 1994 walirudi na utafiti mkubwa zaidi wa wazee 100: waliopewa lishe ya nyongeza bila mazoezi hawakupata nguvu, waliofanya mazoezi walipata. Misuli isiyodaiwa kazi haioni sababu ya kujengwa. Kwa hiyo tulimtafutia Jjajja kigoda imara, akawa anaketi na kuinuka mara tano asubuhi na tano jioni, huku shangazi amesimama karibu. Kwanza aliona ni mchezo wa watoto. Wiki ya tatu alikuwa akihesabu mwenyewe kwa sauti.

Lazima niseme pia kwamba protini nyingi haimfai kila mzee. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeziwe bila ushauri wa daktari, na sisi tulimpima Jjajja kwanza. Wala sisemi mtoto anyimwe ili mzee apate. Mtoto naye anajenga, na mukene wa sufuria moja wanatosha wote wawili ikiwa anayepakua anajua kwamba wajenzi ni wawili.

Leo, baada ya miezi mitano, Jjajja anainuka kutoka kwenye kigoda bila kushika kitu. Mkekani bado anahitaji kuegemea ukuta, na yai bado hajala, wala sidhani atalila. Siku za wageni kiti chake hakipo tena pembeni, kwa sababu amekikataa. Wenzangu mnaosoma insha hii, mkirudi nyumbani likizoni tazameni ni nani anayepakuliwa wa mwisho na anabakiziwa nini. Mimi nikipiga simu Masaka siku hizi siulizi tena kama Jjajja amekula. Nauliza amekula nini, kiasi gani, na leo ameinuka mara ngapi.