Andika Wimbo wa Mama Yako



Mimi ni bwana shamba. Umezoea kuniona nikija na habari za mbegu na mbolea. Leo nataka tuzungumze juu ya nyimbo za watoto.

Mama yangu alifariki mwaka 2021. Alikuwa mkulima wa pamba huku kwetu Usukumani. Alipopalilia aliimba, nasi watoto tulimwitikia. Baada ya msiba, binti yangu mwenye miaka sita aliniambia, "Baba, niimbie ule wimbo wa bibi." Nikaanza. Nilipofika katikati nikakwama. Mtoto alingoja, kisha akaenda zake kucheza.

Niliona aibu. Nilipotoka chuoni na cheti changu, nilidhani nyimbo zile ni za watu wasiosoma. Mama alipokuwa hai sikumwuliza hata wimbo mmoja.

Baadaye mwalimu mmoja wa muziki alinionyesha kitabu cha nyimbo na hadithi za Jamaika. Jamaika ni kisiwa katika Bahari ya Karibiani, ng'ambo ya Atlantiki. Watu wengi wa huko ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Utumwa huo ulikomeshwa kabisa mwaka 1838. Wazee wao hawakuchukua mali kutoka Afrika. Walichukua hadithi na nyimbo vichwani mwao. Mpaka leo watoto wa Jamaika husimuliwa habari za buibui Anansi. Ni mdogo lakini mjanja, kama sungura wetu. Hadithi zake zilitoka kwa Waakan wa Ghana.

Kitabu hicho kilitolewa London mwaka 1907. Mwandishi wake ni Mwingereza Walter Jekyll, aliyeishi Jamaika. Wenyeji walimsimulia na kumwimbia, naye akaandika. Pamoja na maneno aliandika nota. Nota ni alama zinazoonyesha sauti ipande au ishuke.

Mna hadithi za Anansi, nyimbo za kulima, nyimbo za michezo ya duara na nyimbo za kucheza ngoma. Za kulima zilinigusa sana. Mmoja huongoza, wengine huitikia, na sururu hushuka pamoja. Nilikumbuka bugobogobo yetu. Katika michezo ya duara, watoto hushikana mikono. Mmoja huingia katikati, na wenzake humwimbia.

Baadaye alitokea mama mmoja wa Jamaika, Louise Bennett. Watu walimwita Miss Lou. Alizaliwa mwaka 1919, akafariki mwaka 2006. Alitunga mashairi kwa lugha ya watu wa kawaida, ambayo wasomi wengi waliidharau. Toka mwaka 1970 hadi 1982 aliongoza kipindi cha watoto katika televisheni. Watoto waliimba nyimbo za kwao bila aibu.

Nilipokwisha kusoma hayo, nilichukua daftari nikaenda kwa mama mdogo. Aliniimbia wimbo wote. Niliandika, naye akanisahihisha mara tatu. Sehemu niliyoisahau ilikuwa ya mtoto anayeleta maji shambani. Zamani kazi hiyo ilikuwa yangu.

Jioni ile nilimwimbia binti yangu mpaka mwisho. Sasa anawafundisha wenzake.

Na wewe, ndugu msomaji, je? Umejifunza kusoma na kuandika. Fanya hivi:

Nunua daftari moja. Nenda kwa mzee anayejua nyimbo za watoto. Andika maneno kama anavyoyatamka, kwa lugha yake. Andika pia wimbo huo huimbwa wakati gani, na watoto huchezaje. Kisha msomee ulichoandika, akusahihishe.

Kama hujui nota, usijali. Mwimbie mtoto wako mpaka aushike. Daftari litatunza maneno, na mtoto atatunza sauti.

Usingoje kama nilivyongoja mimi. Mama yako yuko hai? Nenda leo.