Biskuti za Noeli zifike mpaka Bonane

Mwezi huu wengine wataandika juu ya nyimbo na maombi. Mimi mwalimu wenu nitaandika juu ya biskuti, kwa sababu watoto darasani wameshaanza kuziongea.

Hapa mjini hatungoji siku ya kugawiwa chakula. Unga wa ngano, sukari, Blue Band, makaa ya sigiri, vyote vinanunuliwa. Ni pesa ya mama aliyetembeza vitenge kwenye jua, au ya baba aliyebeba mizigo sokoni. Kwa hiyo biskuti zikilainika na kutupwa, kazi ya siku nzima imetupwa nazo. Na kutoka Noeli mpaka Bonane ni siku 7. Watoto hawaelewi kwa nini sikukuu ya kwanza ilikuwa na kitu na ya pili haina.

Nyumbani kwetu mama anaoka kwa sufuria kubwa, mchanga chini, makaa juu ya mfuniko. Kuoka anajua tangu Bukavu. Lakini anasema kutunza ndiyo kazi yenyewe. Sisi tuko karibu na ziwa, hewa ina maji, na mvua za mwisho wa mwaka zinaongeza. Biskuti kavu ikiachwa wazi inavuta yale maji ya hewani, na kesho yake inapinda kama ngozi.

Jambo la kwanza, biskuti zipoe kabisa. Wengi tunazifunika zingali moto kwa kuogopa nzi na mikono ya watoto. Ule mvuke unapanda, unagusa mfuniko, unageuka maji, unarudi chini. Afadhali uzitandaze kwenye ungo, ufunike na kitambaa chepesi kama saa moja hivi, halafu uguse ya katikati. Kama haina joto, weka.

Pili, kopo. Kavera peke yake haitoshi, inatoboka na panya anaipenda. Kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa kubana ni zuri, au ndoo ndogo ya plastiki. Lioshwe, likaushwe vizuri. Lisikae karibu na sabuni wala mafuta ya taa, maana biskuti ina mafuta na inashika harufu haraka. Pia lisikae juani wala karibu na sigiri, kwa sababu joto linachachusha mafuta. Kama nyumba ina siafu au sisimizi, simamisha kopo ndani ya beseni lenye maji kidogo.

Tatu, usiweke zote pamoja. Kila ukifungua, hewa inaingia. Mama anajaza makopo matatu: la Noeli, la Bonane, na la basi. Hilo la basi linaenda Mbarara, halafu gari nyingine mpaka Nakivale kwa bibi. Analijaza mpaka juu, na nafasi zilizobaki anaziba kwa karatasi safi, ili zisigongane njiani. Bibi hana meno mengi, anachovya kwenye chai. Lakini kwanza anaivunja karibu na sikio, aisikie inalia. Ikilia, anasema binti yake bado ana nguvu. Ndiyo maana lile kopo hatulichezei.

Mandazi nayo ni jambo lingine. Ina maji ndani. Ukiiweka na biskuti kopo moja, maji yanahama: biskuti inalainika, mandazi inakauka, umekosa yote mawili. Mandazi ile ndani ya siku mbili tu. Mama mmoja Msomali wa Kisenyi, ambaye anaoka biskuti za Idi, alinifundisha pia kutenga zile za iliki, kwa sababu harufu yake inaingia kwenye nyingine.

Kama biskuti zimelainika tu, usitupe. Weka sufuria kavu kwenye moto mdogo, zipange, funika nusu dakika chache, geuza. Zikipoa zitakuwa ngumu tena. Lakini ukiona ukungu, hata kidogo, tupa. Usikwangue ukampa mtoto. Dawa ni ghali kuliko unga.

Jamani, wazazi, kama kwenu kuna njia nyingine ya kutunza, mtume mtoto aniambie shuleni, nitaiandika mwezi ujao. Kila nyumba ilikuja na ujuzi wake, hata kama haikuja na mizigo.

Noeli njema, na Bonane iwakute na kopo moja bado limefungwa.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea, Nsambya, Kampala.