Nyumba ya Kilimani Monticello

Huko Marekani, katika jimbo la Virginia, ipo nyumba ya matofali juu ya kilima, iitwayo Monticello. Aliijenga Thomas Jefferson, yule aliyeandika katika Tangazo la Uhuru la mwaka 1776 ya kuwa watu wote wameumbwa sawa. Lakini maishani mwake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Alikufa mwaka 1826 akiacha madeni makubwa. Wasia wake ulimpa uhuru mhunzi Joseph Fossett; mkewe Edith, mpishi wa nyumba ile, alinadiwa papo hapo Monticello Januari 1827, pamoja na watoto wao kadhaa. Basi, ndugu msomaji, ukitaka kumjua mkubwa, usiishie sebuleni. Fika hata jikoni.