Usitupe marudio, bado yana dhahabu!

Leo naweka kando mambo ya mapenzi, tuongee kompyuta. Usifunue ukurasa bwana, hii inakuhusu!

Mimi somo la kompyuta nilisoma kwa chaki. Mwalimu alichora kibodi ubaoni, sisi tukainakili daftarini, mtihani ukaja tukajibu. Nikamaliza Form Four najua mausi ni nini bila kuwahi kuishika! Nikaitwa kwenye usaili wa ukarani wa stoo, kampuni moja inayohudumia mgodini. Jamaa akasema, "Kaa hapo, tengeneza jedwali la vifaa." Dakika kumi nzima mshale unanikimbia tu kwenye kioo. Kazi akapata mwingine, na hadi leo inaniuma.

Kinachoniuma zaidi, shuleni kwetu kompyuta zilikuwepo! Sita, za msaada, zimefunikwa kitenge stoo. Tatizo lao uzee tu. Zilikuwa za Windows XP, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014. Windows 11 nayo inataka memori ya gigabaiti 4, wakati hao bibi zetu wana megabaiti 512. Ni sawa na kumbebesha mtoto wa chekechea gunia la mpunga.

Sasa sikia dawa. Kuna mfumo unaitwa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds. Ni wa bure, na una ndugu wengi, wanene kwa wembamba. Mwembamba mmoja ni antiX, ambaye megabaiti 512 zinamtosha. Mshikaji wangu fundi wa pale Nyankumbu akaushusha kwenye flashi, tukaomba ruhusa, tukaingia stoo na kuanza kuzipiga Linux moja moja. Nne zikaamka! Mbili zilizogoma tukazifanya spea.

Ungewaona madogo wa Form One na mchezo wa Tux Typing, pengwini anameza samaki kila ukibonyeza herufi sahihi. Watoto wa Kanda ya Ziwa na samaki, nani atawatoa hapo?

Siyo miujiza lakini. Ukifungua YouTube mashine inahema kama mzee anayepanda mlima. Ila kuandika barua, kutengeneza jedwali, kuzoesha vidole, poa kabisa.

Wala hatukuwa wa kwanza. Mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili chetu. Kule Karatu, shirika la Powering Potential liliwawekea wanafunzi wa sekondari vikompyuta vya Raspberry Pi vyenye Linux, umeme wa jua.

Oktoba 2025 Microsoft walimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, kwa hiyo maofisi yataanza kutoa mashine nje. Ukiona zinatupwa, ziombee shule ya mtaani kwenu. Sisi wa Geita tunajua, mmoja akishachenjua na kuondoka, mwenzake ananunua marudio na dhahabu anapata!

Na wewe mwalimu mkuu unayenisoma, ufunguo wa stoo unao wewe. Kuna dogo ataitwa usaili mwakani.