WATAONYESHA NINI UKIONDOKA?

 

Juzi nilikuwa Upper Hill kumwona mshirika wetu aliyelazwa. Nilifika kabla ya saa ya kuwaona wagonjwa, nikaketi kwenye benchi. Kando yangu vijana wawili walikuwa wakitazama video ya zamani kwenye simu. Mtu mrefu ajabu anaruka, anaupiga mpira unatoka nje, kisha anamtikisia mpinzani kidole: hapana, hapana! Vijana wakacheka, mmoja naye akatikisa kidole. Nikauliza, "Huyo si Mutombo?" Wakashangaa pasta kumjua.

Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Mwaka 1987 alifika Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, kwa ufadhili wa masomo. Hakwenda kutafuta kikapu. Alitaka kuwa daktari. Lakini mtu wa mita 2.18 hajifichi. Kocha John Thompson akamwingiza kikosini, na msimu wake wa kwanza akazuia mipira 12 katika mechi moja. Mashabiki wa chuo walikuwa na sehemu yao nyuma ya kikapu, na kila mpira ukizuiwa wanaongeza picha ya kiganja kwenye bango. Alihitimu 1991, akacheza NBA misimu 18.

Alifariki tarehe 30 Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58. Waliompenda tangu siku za chuo walianza kumkumbuka kwa kile kidole. Lakini hawakuishia hapo. Walitaja hospitali.

Mama yake, Biamba Marie, aliugua Kinshasa wakati wa machafuko. Hakuweza kufikishwa hospitalini, akafa. Mwanawe alikuwa tajiri na maarufu, lakini fedha zake hazikuweza kumpitisha mama barabarani usiku ule. Mpendwa, uchungu wa namna hiyo unaweza kumfanya mtu alaani nchi yake na asirudi tena. Yeye alitoa mamilioni ya dola yake mwenyewe, akachangisha mengine, na mwaka 2007 hospitali yenye jina la mama yake ikafunguliwa Kinshasa. Yule kijana hakuwa daktari. Hata hivyo wagonjwa wakatibiwa.

Soma Matendo 9:36-42. Dorkasi alipokufa Yafa, Petro aliwakuta wajane wakilia. Hawakumsomea wasifu. Walimwonyesha nguo ambazo mama yule aliwashonea alipokuwa hai. Ushahidi walikuwa wameuvaa!

Sasa niseme jambo linaloniaibisha. Wakati fulani nilimzika mshirika aliyekaa nasi miaka mingi. Nilijua kiti chake kanisani. Nilijua sadaka yake haikukosa. Lakini niliposhika maikrofoni, sikuwa na kisa hata kimoja cha maisha yake. Nikahubiri kwa sauti kubwa ili nifunike pengo. Kisha mama mmoja wa sokoni, ambaye si wa kanisa letu, akasimama na kusema, "Huyu ndiye alinipeleka hospitali usiku, akakaa nami hadi asubuhi." Uwanja mzima ukanyamaza. Mimi mchungaji wake sikuwa na habari.

Nilipokuwa kwenye benchi lile nilimkumbuka mama huyo. Upper Hill ina hospitali nyingi, Kenyatta iko pale, Nairobi Hospital iko pale. Lakini mtu anaweza kuishi karibu na hospitali na bado asifike, kwa kukosa nauli, kwa kukosa bima, au kwa kukosa mtu wa kumshika mkono tu. Na wapo waliotoka mbali na mgonjwa wao, wanashinda nje bila hata chai.

Huna mamilioni ya Mutombo. Hata mimi sina. Lakini una chupa ya chai. Una simu ya kuuliza jirani, "Umepata dawa?" Wiki hii mtafute mgonjwa mmoja ambaye si wa ukoo wako, wala si wa kanisa lako. Mfikie. Na usipige picha.

Tuombe: Baba, nisamehe kwa watu niliowahesabu bila kuwajua. Palipo na uchungu wangu, fungua mlango kwa mwingine. Katika jina la Yesu.

Kama unasema amina, mpigie mtu mmoja simu kabla ya kulala.