Swichi ndogo ya kurudi nyuma

Wiki hii hakuna video, kuna maneno tu.

Wengi mmekuwa mkiniuliza natumia kompyuta gani kuhariri zile harusi na nyimbo za injili za Kipsigis. Nikijibu ni Mac Pro ya 2010, mnadhani nina pesa. Sina. Niliipata bure ikiwa maiti. Leo nawaeleza ilivyofufuka, pesa ya nani ilitumika, na uongo niliomwambia mama katikati ya hiyo kazi.

Mzee mmoja mwenye studio huko Litein alikuwa nayo chini ya meza, ameifunika na gunia la mbolea. Nilikuwa namdai malipo ya harusi tatu. Siku niliyoenda kudai aliniangalia, akaangalia lile gunia, akasema, "Kijana, chukua hiyo chuma tumalizane." Nikachukua. Ni karibu kilo 19, na jamaa wa boda aliyenibeba hadi kwetu upande wa Sotik alidhani nimenunua jiko.

Ukiwasha, unasikia ule mlio wake, ngoom, feni zinazunguka vizuri, lakini skrini ni nyeusi tititi. Kadi ya michoro iliyotoka nayo kiwandani, Radeon HD 5770, ilikuwa imekufa. Kila kitu kingine kilikuwa kizima.

Hizi Mac Pro za kati ya 2006 na 2012, zile za alumini zenye mikono juu na chini, zilitengenezwa zifunguliwe. Unavuta kishikio nyuma, ubavu mzima unatoka, na ndani unabadilisha memori, diski, hata kadi ya michoro bila kuomba ruhusa ya mtu. Apple ya siku hizi haikuachii nafasi hiyo. Kwa hivyo nikajua inahitaji tu kadi nyingine.

Shida ni kwamba kadi ya Mac na kadi ya PC si kitu kimoja, ingawa chipu inaweza kuwa ile ile. Ndani ya kila kadi kuna programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo wowote. Kadi ya kawaida ya PC inakuja na bayosi ya PC. Mac hizi zinaamka kwa EFI ya Apple, na zinataka kadi izungumze lugha hiyo tangu mlangoni.

Ukitaka kuelewa, fikiria nyumba ya kogo yangu. Ukiingia kwake bila kusema chamgei, hatakufukuza, lakini hatakuongelesha pia. Mtakaa hivyo mkitazamana mpaka mtu wa nyumbani aje aseme wewe ni mtoto wa nani. Kadi ya PC ndani ya Mac ni huyo mgeni. Kama ni kadi ambayo macOS inaijua, skrini inabaki nyeusi mpaka mfumo upakie draiva yake, kisha picha inakuja. Lakini kila kinachotokea kabla ya hapo hukioni. Ukitaka kushikilia kitufe cha Option uchague diski, unabonyeza gizani. Mfumo ukiharibika, unatengeneza gizani. Kwa mtu aliyepewa mashine yenye diski ya miaka mingi iliyojaa takataka za wengine, hiyo ni ngori.

Dawa ni kuiandikia kadi upya ile programu ndogo, iwe na salamu ya Mac. Watu wanaita kuflashi. Si jambo jipya. Hata enzi za Mac za PowerPC, kabla Apple haijahamia Intel 2006, watu walikuwa wanaziandikia kadi za PC programu ya Mac ili wasilipe bei ya Mac.

Kadi niliyoitaka ilikuwa Radeon HD 7950 yenye memori ya gigabaiti 3. Sababu ni tatu. Ya kwanza, 2013 Sapphire walitoa HD 7950 maalum ya Mac, kwa hivyo programu yake ipo na chipu ni ile ile ya PC. Ya pili ni umeme. Mac Pro hii ina soketi mbili ndogo za kulisha kadi, kila moja wati 75, na nafasi yenyewe ya kadi inatoa wati 75 nyingine. Jumla 225. HD 7950 nyingi zinatosha hapo kwa kebo mbili za pini sita. Ya tatu, macOS Mojave ya 2018 inakataa kadi isiyojua Metal, na hii inaijua. Wale mnaoniambia ningechukua Nvidia ya kisasa, draiva zake ziliishia High Sierra. Ungebaki na kadi kali isiyo na mfumo wa kuendea.

Sasa pesa. Luthuli, Nairobi, niliambiwa elfu tisa ya kadi. Kebo mbili, elfu mbili. Nauli ya kwenda na kurudi, elfu mbili nyingine. Elfu kumi na tatu, na mimi mfukoni nilikuwa na mia nne.

Nyumbani pesa ya maana inaingia mara moja kwa mwaka, bonasi ya chai ikifika Oktoba. Mama alikuwa ameshaigawa kwenye vikopo. Kopo moja lilikuwa la chuo. Niliacha mwaka wa pili, karo ikiwa imelala, na mama hajawahi kukubali kwamba niliacha. Kwake yeye "nimepumzika."

Nikamwomba kutoka kopo hilo.

Alinyamaza, halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu wa Nairobi angeuliza: "Na hiyo mashine itakula kazi ya nani?" Msimcheke. Baba alichuna chai kwenye mashamba makubwa mpaka mashine za kuchuna zikaja, na 2023 Kericho watu waliziteketeza kwa hasira. Kwetu neno mashine lina uzito wake. Nikamwambia hii haitakula kazi ya mtu, itanipa mimi. Akahesabu noti, akanipa, hakusema neno lingine.

Kadi nikaipata. Rafiki yangu wa saiba Sotik akaniazima kompyuta yake ya PC baada ya wateja kuondoka. Kazi yenyewe ni fupi: unawasha kompyuta kwa fleshi yenye DOS, unaandika amri moja ya kuhifadhi nakala ya programu iliyomo ndani ya kadi, kisha amri nyingine ya kuandika ile mpya. Nakala nilihifadhi, nusura niiruke kwa haraka. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mtu wa Kericho ama Bomet anajua saa tisa ni saa ya nani. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya majani chai, nami nikajiambia itachukua sekunde tu.

Nikabonyeza. Asilimia zikaanza kupanda. Radi ikapiga mahali, stima ikapotea.

Iliporudi baada ya nusu saa, kompyuta ililia mlio mrefu na skrini haikuonyesha chochote. Kadi ilikuwa na nusu ya lugha moja na nusu ya nyingine, haisalimii PC wala Mac. Nilizima na kuwasha mara sijui ngapi. Simu ikaita. Mama.

"Imekubali?"

"Iko sawa, mama. Bado inapakia."

Nimewahi kudanganya watu, lakini huo uongo ulinikaa kifuani. Usiku nilisikia mvua ikipiga mabati, nikawa nahesabu ni kilo ngapi za majani mabichi zinazotengeneza elfu kumi na tatu. Sitawaambia jibu, lakini ni asubuhi nyingi za mtu mwenye mgongo unaouma.

Kesho yake nikaitoa kadi, nikaigeuzageuza chini ya taa. Ukingoni mwake kulikuwa na swichi ndogo, kama ncha ya kijiti cha kiberiti. Nilikuwa nimeiona siku ya kwanza na kuipuuza. HD 7950 nyingi zina chipu mbili za programu, na swichi hiyo inachagua ipi iamke. Mimi nilikuwa nimeharibu moja. Ya pili haikuguswa.

Nikasukuma swichi upande wa pili, kompyuta ikawaka kama hakuna lililotokea. Nilipofika kwenye DOS, nikairudisha swichi upande ulioharibika kadi ikiwa inafanya kazi, nikaandika upya. Saa hii ilikuwa saa mbili asubuhi, jua kali, hata ndege hakuna wingu la kujificha. Ikafika mia kwa mia.

Jioni nikaiweka kwenye Mac. Ngoom. Skrini ikawa ya kijivu, halafu tufaha likatokea katikati. Nilikaa chini kwenye sakafu.

Sasa maoni yangu, maana hapa ni mahali pa maoni.

Kwanza, msikimbie wote kununua Mac kuukuu. Mojave ndiyo mwisho wake rasmi, Catalina ya 2019 ilizifungia nje. Inakula tokeni za stima kama ng'ombe wa gredi anavyokula nepia. Na kama unataka picha tu kwenye Mojave, RX 580 inafanya kazi bila kuflashiwa, ila huoni kitu kabla mfumo haujafika. Siku hizi OpenCore inakuletea hata ukurasa wa kuchagua diski. Ukiwa na elfu thelathini na huna kitu, nunua PC ya kawaida uanze kazi.

Pili, na hili ndilo limenifanya niandike. Mnanitumia ujumbe mkiuliza kama muache chuo muanze kutengeneza kontenti kama mimi. Nimekuwa nikijibu kwa mzaha. Leo nawajibu vizuri.

Mimi sikuokoka kwa sababu ni mjanja. Mjanja hawezi kuflashi kadi saa tisa alasiri bila UPS huku wingu limetanda. Niliokoka kwa sababu aliyetengeneza ile kadi aliacha njia ya kurudi, na kwa sababu fleshi yangu ilikuwa na nakala ya ilivyokuwa mwanzo, hata kama sikuihitaji.

Chuo nilikiacha bila swichi yoyote. Niliamka siku moja, nikafunga begi, nikapanda gari. Sikuandika barua ya kuahirisha masomo. Sikuchukua matokeo ya mwaka wa kwanza, ambayo nilikuwa nimepita. Miaka miwili baadaye nilipoenda kuuliza, niliambiwa nafasi yangu haipo tena na niombe upya kama mtu ambaye hajawahi kuingia darasani. Barua hiyo ya kuahirisha ni ukurasa mmoja. Kama karo imekushinda ama kichwa kimechoka, ondoka, sitakuhukumu. Lakini andika barua, igongwe muhuri, chukua matokeo yako, weka nakala kwa mama na nyingine kwa simu. Ukifanikiwa huku nje, hiyo karatasi haikuumizi. Stima ikipotea, utaitafuta usiku.

Mwezi wa nane nilimrudishia mama elfu kumi na tatu zake. Nilimkuta anatoka kituo cha kuuzia majani, kikapu kitupu mgongoni, nikamwambia pia ukweli wa ile siku, kwamba haikuwa inapakia. Akasema, "Nilijua. Ungekuwa umefaulu ungepiga simu wewe."

Kisha akahesabu noti pale pale njiani. Tulipofika nyumbani alizirudisha kwenye kopo lile lile. Nikamwambia hizo ni zake, anunue kitu. Akafunga kifuniko.

"Hizi ni za chuo," akasema.

Sikumjibu. Lakini fomu ya kuomba upya iko hapa kwenye meza, karibu na ile fleshi. Harusi ya Silibwet nitaweka Jumamosi, stima ikikubali.