Kutoka Gairo hadi Mwitongo

Sisi wa Gairo kumbukumbu tuliyokua nayo ni ya kifo. Ukishuka kuelekea Morogoro unapita Dakawa, alikofariki Waziri Mkuu Edward Sokoine kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na wazee wetu hawapiti pale bila kumtaja. Mimi nilitamani kuona mahali kiongozi alipoanzia: kwao Mwalimu Julius Nyerere, Rais wetu wa kwanza. Nikadandia basi la Musoma lililotoka Dar es Salaam. Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, zote zikapita gizani. Kulipokucha tulikuwa tumeshavuka Magu, ziwa liko kushoto kwetu. Makutano nikashuka, nikachukua bodaboda hadi Butiama.

Mwitongo, hapo Butiama, ni mlima wa mawe. Majabali yamepandana, na katikati ya nyufa zake pimbi hujitokeza kuota jua, wakisikia hatua wanatoweka.

“Shikamoo, mzee,” nilimwamkia mwenyeji wa kunitembeza.

“Marahaba, mwanangu. Tuanze na kaburi?”

Nikamwomba tuanze na mtoto.

Basi tukasimama maweni. Hapa Mwitongo Mugaya wa Nyang’ombe alijifungua tarehe 13 Aprili 1922. Mvua ilikuwa inanyesha, mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, lakini utemi haukumwondolea mwanawe kazi ya kuchunga mbuzi. Darasa hakulijua mpaka alipofikisha miaka 12. Husimuliwa kwamba aliyemfungulia njia ni mtemi mmoja, rafiki wa baba yake: alicheza bao na yule kijana, akaona anavyohesabu kete na kuona mbele, akamshauri Burito ampeleke shule. Mwaka 1934 akapelekwa Mwisenge, Musoma, safari ya kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani. Nilizitazama zile nyufa kwa muda mrefu, nikiwafikiria watoto wa kwetu wanaoshinda na mbuzi kwenye vilima vya Gairo.

Makumbusho, yaliyofunguliwa 1999, yamesheheni: zawadi za mataifa, nguo, fimbo. Mwaka huohuo, tarehe 14 Oktoba, Mwalimu alifariki London, akaletwa kuzikwa hapa, jirani na wazazi wake. Nilimwombea kaburini. Yote hayo yanastahili heshima. Lakini ndani ya vyumba vile Rais amechukua nafasi kubwa na mchungaji amebaki na kidogo, na mimi naamini ni mchungaji ambaye mtoto wa Kitanzania anamhitaji zaidi. Kibao kingesimikwa pale maweni penyewe, kwa maandishi makubwa, kikieleza mbuzi, bao na ile miaka 12.

Nilimweleza mzee. Akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono kuelekea Musoma.

“Mwisenge ipo, bado inafundisha. Ukiondoka sasa hivi utawakuta watoto hawajatoka.”

Nikaita bodaboda.